Maharage yanakauka kwenye shamba nililopiga atrazini mwezi wa 11. Hii dawa inaliwa na nini, na inachukua muda gani?

Mkulima wa Mlowo (Aprili 19)

Wakuu salaam.

Niko Mlowo, Mbozi. Msimu huu nimekodi ekari moja kwa mzee mmoja ambaye miaka yote alilima kwa jembe la mkono na kupalilia kwa mkono. Dawa ya magugu hajawahi kuinunua hata siku moja. Mimi sina watu wa kupalilia. Nilipanda mahindi Novemba 20, na tarehe 24, kabla hayajachomoza, nikapiga atrazini, ile ya gramu 500 kwa lita. Bomba langu ni la lita 16, niliweka mililita 200 kila bomba, na mabomba kumi yakamaliza ekari. Lebo ilitaka lita moja na nusu kwa ekari, lakini kijana wa dukani aliniambia magugu ya siku hizi sugu, ongeza kidogo. Nikaongeza.

Mahindi yalitoka vizuri, shamba jeupe kama uwanja wa mpira. Januari mvua ilikata kama wiki tatu hivi, tukavumilia. Machi mwanzoni nikauza mabichi yote kwa wachoma mahindi wa barabara ya Tunduma, nikang'oa mabua, na Machi 14 nikapanda maharage, Uyole Njano, nikitegemea mvua za mwisho mwisho.

Yaliota yote, na hapo ndipo panaponiuma. Siku kumi za kwanza nilikuwa napita barabarani na pikipiki nasimama kuyatazama tu. Baada ya hapo majani ya chini yakaanza kuwa njano kutoka ukingoni, mishipa ikabaki kijani siku mbili tatu, kisha ukingo ukakauka kama karatasi iliyopitiwa na moto. Sasa nusu yameshakwenda.

Kuna vitu viwili sivielewi. Kona moja ya shamba, mzee anasema alimwaga chokaa mwaka juzi, hapo maharage yameisha kabisa, hakuna hata mche. Na upande wa juu, palipokuwa na zizi la ng'ombe zamani, yamedumaa kidogo lakini yanatoa maua.

Jirani ananiambia dawa huwa inaisha yenyewe, "inaliwa na wadudu wa udongoni". Kama inaliwa, kwa nini yangu haikuliwa? Na hao wadudu ni nani? Naomba kuwasilisha.

---

Kisu Kikali (Aprili 19)

Mkuu hiyo njano ni upungufu wa nitrojeni. Piga mbolea ya majani mara mbili, wiki mbili utakuja kunishukuru hapa.

---

Mama Maabara (Aprili 20)

Mwanangu wa Mlowo, usipige chochote cha majani. Hayo maharage hayana njaa ya mbolea, yana njaa ya sukari.

Atrazini haizuii mbegu kuota. Inakwenda kuziba ndani ya jani, kwenye ile njia inayogeuza mwanga wa jua kuwa chakula. Mche wa maharage ukitoka ardhini unakula kwanza akiba ya yale mapande mawili ya mbegu, ndiyo maana siku kumi za mwanzo ulikuwa unasimamisha pikipiki. Akiba ikiisha jani linatakiwa lianze kujipikia, halipiki, na mwanga ule ule wa jua unageuka kuwa wa kuliunguza. Majani ya chini hutangulia kwa sababu ndiyo yaliyonyonya maji mengi. Mahindi yanapona kwa kuwa yana namna yake ya kuifunga dawa na kuivunja yakiwa nayo ndani. Maharage hayana.

Sasa swali lako la walaji, ambalo limenifanya niwashe hii simu asubuhi yote badala ya kwenda bandani. Nilikaa kwenye maabara ya udongo miaka 22, mingi kati ya hiyo kwenye mashamba ya miwa, na miwa nayo hupigwa atrazini. Nimestaafu, niko Muheza na kuku wangu. Hao "wadudu" wa jirani yako ni bakteria, na mimi nimewaona wakila. Ngoja nikueleze ulivyo huo mlo.

Atrazini haipendi maji. Lita nzima ya maji huyeyusha miligramu 33 hivi, basi. Sisi tulikuwa tunaweka makusudi miligramu 500 kwenye lita ya agari, ile rojo ya kuoteshea bakteria, ili nyingine ibaki chembechembe. Ikiganda kwenye kisahani inakuwa nyeupe kama tui, huoni kilicho chini yake. Unachukua udongo kijiko kimoja, unautikisa kwenye maji safi, unapaka tone, unafunika, unaweka kabatini. Visahani vingi havitoi kitu cha maana. Bakteria wanaota, ndiyo, lakini rojo inabaki nyeupe. Halafu siku moja unafungua kabati unakuta kidoa kimoja, kidogo kuliko punje ya mtama, na kukizunguka kuna duara safi. Weupe umeliwa. Niliweka kile kisahani juu ya gazeti nikasoma maneno kupitia lile duara. Matokeo ya mpira, nakumbuka. Nikamwita kila mtu aliyekuwa kwenye jengo, pamoja na mlinzi.

Anakula kwa sababu gani? Ndani ya atrazini kuna nitrojeni tano. Tatu zimeshikana na kaboni tatu kama pete, na mbili zimekaa pembeni kwenye mikono. Wewe unaona dawa ya magugu, yeye anaona mbolea ya urea iliyofungwa kwenye kifurushi kibaya. Mwaka 1995 watu wa Minnesota kule Marekani, Mandelbaum, Allan na Wackett, walitangaza bakteria waliyemtoa kwenye udongo uliomwagikiwa dawa, wakamwita Pseudomonas ADP. Huyo ndiye aliyekuja kuchunguzwa kuliko wote. Kimeng'enya chake cha kwanza, yaani kisu chake cha kukatia, kinang'oa klorini, na hapo tu ukali umekwisha, kinachobaki hakiwezi tena kuua jani. Cha pili kinakata mkono mmoja, cha tatu kinakata mwingine. Inabaki pete tupu, asidi ya sianuriki, ile ile wanayotia kwenye mabwawa ya kuogelea ili klorini isipotee juani. Vimeng'enya vingine vinaipasua pete hiyo mpaka inabaki amonia na kaboni dayoksaidi. Amonia anaila, kaboni dayoksaidi inakwenda zake angani.

Na hii nilipoisoma mara ya kwanza niliacha chai ikapoa. Kile kimeng'enya cha kung'oa klorini kina ndugu yake anayevunja melamini, ndiyo, hii hii ya sahani zetu za shughuli. Kila kimoja ni mnyororo wa vipande 475, na tofauti kati yao ni vipande 9. Tisa tu, na kila mmoja hagusi chakula cha mwenzake, au anakigusa kidogo mno. Dawa yenyewe ilitengenezwa Uswisi mwaka 1958, kwa hiyo kuna mahali bakteria fulani alibadilisha kisu chake ndani ya miaka isiyozidi arobaini. Mapishi haya yameandikwa kwenye plazmidi, kipande cha jeni kilicho kando ya kitabu chenyewe, ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa jirani kama watu wanavyoazimana mwiko. Jeni hizo hizo, karibu herufi kwa herufi, zimekutwa kwa bakteria wa mabara tofauti.

Haya, turudi Mlowo. Lita mbili zako kwa ekari ni kilo moja kamili ya atrazini. Vitabu vingi vinasema kwenye udongo wa kawaida nusu yake hupotea kwa siku kama 60. Kutoka Novemba 24 hadi Machi 14 ni siku 110. Kwa hiyo ulipanda maharage juu ya gramu 280 hivi. Na usimbebeshe yule kijana wa duka lawama zote: ungefuata lebo zingebaki gramu 210, maharage yangekufa polepole kidogo tu. Nenda kasome lebo chini kabisa, kwenye maandishi madogo, pale panapoeleza mazao ya kufuatia.

Hizo siku 60 si ahadi. Muda hauli dawa. Nimeona udongo wa miwa uliopigwa kila mwaka ukiimaliza nusu kwa siku chache, na upo udongo mkavu wa baridi unaokaa nayo miezi. Wako ulikuwa na mambo mawili mabaya. Haujawahi kuionja, maana mzee alikuwa mtu wa jembe, kwa hiyo walaji kama wapo ni wachache mno na inabidi kwanza wazaliane. Kisha mvua ikakata wiki tatu. Bakteria anaishi ndani ya utando mwembamba wa maji unaoshika chembe ya udongo, utando ukikauka na yeye anajikunja analala.

Chokaa: kwenye udongo wenye uchachu atrazini hunasa kwenye mfinyanzi na mboji, na hata maji peke yake, bila bakteria, huing'oa klorini taratibu. Ukimwaga chokaa uchachu unapungua, dawa inaachiwa, inaelea kwenye maji, mzizi unainywa. Kule kwenye zizi mboji nyingi imeishikilia, na bakteria wengi wameshiba humo wanafanya kazi.

Chaji inaisha, umeme umekatwa tangu jana. Fanya hivi: chukua makopo, toboa chini, jaza udongo wa juu, kina cha vidole vinne, kutoka sehemu tofauti za shamba. Kopo moja liwe na udongo ambao una uhakika haujawahi kuguswa na dawa. Panda maharage manne kila kopo, yaweke juani, subiri wiki tatu. Usiamue mapema, kumbuka ile akiba ya mbegu.

---

Dogo wa Mbarali (Aprili 20)

Shikamoo mama. Mimi napiga glaifoseti, wiki moja baadaye napanda chochote na kinaota. Ina maana hao bakteria wanaipenda hiyo zaidi? Na hapa kwenye mpunga tunatumia sana 2,4-D, dawa nyingine ya magugu.

---

Pembejeo Bora (Aprili 20)

Kwa wenye shida ya mabaki ya dawa shambani, tunayo bidhaa ya bakteria hai, lita moja shilingi 35,000 tu, inakula sumu ZOTE za udongoni ndani ya siku 7. Karibu inbox.

---

Mama Maabara (Aprili 21)

Marahaba Dogo. Glaifoseti haijaliwa ndani ya wiki, imenaswa. Ikigusa udongo inaganda kwenye chembe za mfinyanzi na za chuma, mzizi hauipati, ndiyo maana mbegu yako inaota. Kuliwa kunakuja baadaye, taratibu, kwa wiki na miezi. Tena walaji wake wengi wana tabia mbaya: wanaikata vipande viwili, kipande kimoja wanakula, kingine kiitwacho AMPA wanakiacha, na hicho hukaa udongoni kuliko glaifoseti yenyewe. Ni kama mtoto anayekula nyama akakuachia ugali.

2,4-D ndiyo wanayoila kwa furaha. Nusu yake kwenye udongo wenye joto na unyevu huisha kwa siku kumi hivi. Mwaka 1949 Mwingereza mmoja, Audus, alichapisha jaribio ambalo mpaka leo nalipenda kwa urahisi wake. Alizungusha maji yenye 2,4-D kwenye mrija wa udongo, yanapita, yanarudi, yanapita tena. Siku za mwanzo hakuna kinachopungua. Halafu ghafla inashuka mpaka inaisha. Akaweka dozi nyingine kwenye udongo ule ule, hiyo haikungoja, ikaanza kuliwa siku hiyo hiyo. Udongo ulikuwa umeshajifunza, au tuseme walaji walikuwa wameshajaa.

Pembejeo Bora, mwanangu, nina swali moja dogo. Kwa kawaida anayekula 2,4-D hana kisu cha atrazini, na wa atrazini hagusi glaifoseti. Huyo wako anayekula ZOTE anaitwa nani? Tuambie jina lake hapa hapa hadharani, inbox siingii.

---

Kisu Kikali (Aprili 21)

Mama nimekaa chini nasoma. Ile mbolea ya majani nafuta kauli.

---

Mama Maabara (Aprili 21)

Usijali baba. Lakini ulivyotaja nitrojeni umegusa jambo. Kwa kuwa huyu bakteria anaikata atrazini akitafuta nitrojeni, ukimmwagia urea au mbolea ya CAN tele hana sababu ya kuhangaika na kifurushi kigumu. Kwa Pseudomonas ADP maabara imeonyesha wazi: amonia ikiwa nyingi, kazi ya kupasua ile pete inazimwa. Mwenye wali mezani hachimbi mihogo. Kwa hiyo wewe wa Mlowo, ulikuzia mahindi na urea kiasi gani?

---

Mkulima wa Mlowo (Aprili 22)

Shikamoo mama. Mfuko mmoja, kilo 50. Nilidhani ndio natenda haki.

Makopo nimeshaandaa, yale ya rangi ya lita 4. La 1 ni udongo wa nyuma ya nyumba chini ya mparachichi. La 2 katikati ya shamba. La 3 kwenye chokaa. La 4 kwenye zizi. Nimeongeza la 5 kwa akili yangu mwenyewe. Nyumbani kuna sehemu moja tunachanganyia dawa, pembeni ya pipa, ambapo mimi na marehemu baba tumekuwa tunajaza mabomba ya atrazini ya shamba letu la nyumbani msimu wa saba sasa. Pale hata nyasi haioti vizuri, udongo una mafuta mafuta. Nataka nione maharage yanavyokufa kwenye sumu yenyewe, ili nipate kipimo cha juu.

---

Mama Maabara (Aprili 22)

Pole kwa baba. La 5 umefanya vizuri kuliko unavyojua. Sisemi kitu sasa hivi. Tukutane wiki tatu.

---

Mkulima wa Mlowo (Mei 14)

Wakuu narudi. Siku ya 22 leo.

Kopo la 1, mparachichi: yote manne yako safi, yana majani matatu matatu.
Kopo la 2, katikati ya shamba: matatu yamekufa, moja liko njano.
Kopo la 3, chokaa: yote yamekufa, la mwisho juzi.
Kopo la 4, zizi: yako hai, mafupi, majani ya chini yana ukingo mkavu.
Kopo la 5, pa kuchanganyia: YAKO HAI YOTE MANNE. Mawili ni marefu kuliko ya mparachichi.

Mama hili la 5 nimelikagua mara tatu nikadhani watoto wamenibadilishia makopo. Nimewauliza, wakaapa.

---

Asha Kisimani (Mei 14)

Mmh. Hiyo sehemu ya kuchanganyia iko umbali gani na kisima? Sisi huku kwetu watu wanajazia mabomba pale pale kisimani, na maji hayo hayo tunakunywa. Kama bakteria wanakula hivyo basi tusiwe na wasiwasi?

---

Mama Maabara (Mei 15)

Asha amewahi kuuliza nilichotaka kuuliza mimi.

Mkulima, kopo la 5 lina maelezo mawili na mpaka sasa siwezi kukuambia ni lipi. La kwanza ni tamu: miaka saba ya kudondoshewa atrazini imekaribisha walaji, kama vile pale Minnesota, ambapo yule bakteria hakutoka msituni, alitoka mahali dawa ilipomwagika. La pili ni chungu: hakuna aliyekula kitu. Mvua ya miezi mitano imeisomba atrazini kutoka kwenye udongo wa juu, imeshuka nayo chini. Kwa maharage yako yote mawili yanaonekana sawa. Kwa anayekunywa maji hayafanani hata kidogo.

Asha, wasiwasi uwe nao. Bakteria ninaowasifu hapa wanaishi vidole vichache vya juu, penye hewa, joto na mboji. Gramu moja ya udongo mzuri inaweza kuwa na bakteria bilioni. Ukishuka mpaka kwenye maji ya chini kuna giza, ubaridi, hewa haba, na hakuna cha kula. Atrazini ikifika huko inakaa. Wajerumani waliipiga marufuku mwaka 1991, Umoja wa Ulaya ukakataa kuiruhusu upya mwaka 2004, na bado wakipima maji ya ardhini wanaikuta, yenyewe na kipande chake kilichokatwa mkono mmoja, ambacho husafiri na maji kuliko mama yake. Kule kikomo cha maji ya kunywa ni mikrogramu 0.1 kwa lita, Marekani wanaruhusu 3. Huhitaji kumwaga ndoo kufika hapo. Mililita moja ya ile dawa ya gramu 500 ina miligramu 500. Gawa kwa 0.1 mikrogramu uone inatosha kuharibu lita ngapi kwa kipimo cha Ulaya. Mimi nimepata milioni tano.

Hivyo, Mkulima, hatua ngapi mpaka kisimani?

---

Mkulima wa Mlowo (Mei 15)

Kumi na nane. Nimezihesabu sasa hivi, usiku huu, na tochi.

---

Mama Maabara (Mei 16)

Hamisha pipa leo. Lipeleke shambani, mbali na kisima, upande wa mteremko usioelekea kisimani. Maji ya kuoshea bomba yanyunyize shambani kwenye mahindi, usiyamwage palepale.

Halafu tutajua ni lipi kati ya mawili. Tafuta makopo mawili yasiyo na tundu, ili kisitoroke kitu. Moja kilo mbili za udongo wa mparachichi, jingine kilo mbili za pa kuchanganyia. Vaa glavu. Mililita 1 ya dawa kwenye lita 1 ya maji, tikisa sana maana inazama. Kwa bomba la sindano vuta mililita 8 za mchanganyiko huo, changanya kwenye kopo la kwanza. Tikisa tena, vuta 8 nyingine, kopo la pili. Hapo kila kopo lina miligramu 4, sawasawa na ile kilo yako kwa ekari ikikaa kwenye sentimita kumi za juu. Weka unyevu kama wa kitambaa kilichokamuliwa, usilowanishe mpaka likawa tope, maana walaji hawa wanataka hewa. Weka kivulini. Siku 30. Kisha panda maharage manne manne na ungoje zile wiki tatu zetu. Mchanganyiko uliobaki usiumwage. Tia kwenye bomba siku utakayopiga mahindi.

---

Dogo wa Mbarali (Mei 16)

Mama, na kama ni walaji kweli, si atachukua udongo ule akautawanye shamba lote la kukodi?

---

Mama Maabara (Mei 16)

Kupandikiza udongo uliozoea kwenye udongo usiozoea ni jambo linalofanyika maabara na huwa linafanya kazi. Shambani ni shida zaidi, mgeni anafika anakuta wenyeji bilioni wenye njaa kuliko yeye. Kule South Dakota, Marekani, atrazini nyingi ilimwagika, na bakteria hai hawakuwatumia: walitengeneza bakteria wenye kile kimeng'enya cha kung'oa klorini, wakawaua, wakamwaga mizoga yao kwenye udongo. Kimeng'enya kikaendelea kukata bila mwenyewe. Walichapisha mwaka 2000.

Ila fikiri kama mkulima, Dogo. Shamba likijaa walaji, atrazini ya Novemba itakuwa imeisha Desemba kabla magugu hayajachoka kuota. Imeshawakuta wakulima wa mahindi wa Marekani wanaopiga dawa ile ile kila mwaka. Mkulima, shamba lenu la nyumbani, msimu wa saba, magugu yanarudi mapema siku hizi au ni macho yangu?

---

Mkulima wa Mlowo (Mei 17)

Yanarudi mapema sana. Miaka miwili hii tumekuwa tunalaumu dawa feki.

---

Mkulima wa Mlowo (Julai 9)

Wakuu, mama. Siku 30 za kivulini, na 22 za maharage. Baridi ya huku mwezi huu unaijua, nimeyalaza ndani jikoni usiku na kuyatoa mchana.

Udongo wa mparachichi, ule safi, uliokuwa na maharage mazuri mwezi wa tano: yote manne yamekufa. Yalianza ukingoni, kama yale ya shambani kabisa.

Udongo wa pa kuchanganyia: manne hai. Mke wangu ameanza kuyaita mapacha wanne.

Pipa lilishahama tangu ile Mei. Maji ya kisima tunatumia kwa kufulia tu mpaka nipate mtu wa kuyapima.

---

Mama Maabara (Julai 9)

Basi walaji unao. Kopo halikuwa na tundu, dawa haikusombwa, wameila.

Naomba vijiko viwili vya udongo wa lile kopo. Nina binti niliyemfundisha kazi, bado yuko maabara, agari anayo na kabati analo. Usiukaushe juani, wengine watakufa njiani. Weka kwenye kopo la asali lenye mfuniko, usikaze mpaka mwisho, wapumue. Andika nje UDONGO ili kondakta asidhani ni ugoro.

---

Mkulima wa Mlowo (Julai 10)

Limepanda basi la saa kumi na moja alfajiri, mama. Kondakta amefungua akanusa, akanirudishia chenji.